Maumivu na Uvimbe Baada ya Kutolewa Gego la Mwisho
Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Golbanti



Kamati imetutaka tuseme nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo katika mkutano uliokuja kuhesabu michango ya matanga, karo za watoto na nauli za wagonjwa. Jambo lenyewe ni maumivu na uvimbe umpatao mtu aliyepasuliwa ufizi na kutolewa gego la mwisho, na namna ya kuzitumia dawa za kupunguza uvimbe ili apone bila ya kujidhuru. Tumekubali kwa furaha, kwa sababu mtu akisha kupasuliwa hupewa vidonge katika bahasha ndogo na kuambiwa arudi kwao. Tangu saa ile mwuguzi wake ni mama yake, mkewe, mumewe au mzee wa nyumba. Yatendwayo nyumbani katika siku saba za kwanza ndiyo yaamuayo kama mgonjwa atarudi shambani kwake upesi, au kama atachukuliwa njiani mara ya pili kwa gharama ya jamaa zake na ya Chama hiki.

Nasi watu wa Tana tunayo sababu yetu wenyewe ya kulijua jambo hili. Hospitali ya Ngao i karibu nasi, lakini kulipasua taya ili kulitoa gego lililokwama ni kazi itakayo fundi wake na vyombo vyake, na huenda ikampeleka mgonjwa mpaka Malindi au Mombasa. Kutoka Garsen hadi Malindi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Wala njia haiko wazi siku zote. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwezi wa Aprili na wa Mei mwaka 2024, mto ulifurika, barabara zikakatika, na watu wakavuka kwa mitumbwi. Mgonjwa aliyerudi nyumbani kabla ya maji kuja hawezi kumwuliza daktari wake kila asubuhi. Kwa hiyo yafaa maarifa haya yakae nyumbani kama vile chumvi inavyokaa jikoni.

Tuanze na gego lenyewe. Magego ya mwisho huota nyuma kabisa ya kinywa, aghalabu kati ya miaka 17 na 25, na kwa sababu huja wakati mtu anapotiwa katika hesabu ya watu wazima, wengi huyaita meno ya hekima. Mara nyingi taya halina nafasi ya kulipokea jino jipya. Hapo jino hulala ubavu ndani ya mfupa, au hutokeza nusu na kuacha mfuko wa ufizi ambamo chakula huingia na kuoza. Si kila gego la namna hiyo lipasuliwe. Mwaka 2000 taasisi ya serikali ya Uingereza iitwayo NICE, ishaurio juu ya matibabu, ilielekeza kwamba gego lililokwama lakini lisilo na ugonjwa liachwe. Lakini likileta usaha mara kwa mara, au likimwoza jirani yake, au likifanya uvimbe ndani ya mfupa, hapana budi litolewe.

Kazi hiyo ni kubwa kuliko kung'oa jino la kawaida. Daktari hutia dawa ya ganzi, hupasua ufizi, huondoa kidogo cha mfupa, na pengine hulikata jino vipande viwili au vitatu kabla ya kulitoa, kisha hushona. Mwili ukisha kujeruhiwa hivyo hauketi kimya. Sehemu zilizokatwa hutengeneza viini viitwavyo prostaglandini. Viini hivyo huipanua mishipa midogo ya damu, na mishipa ikipanuka hupitisha maji yakajaa katika nyama ya shavu. Huo ndio uvimbe. Kadhalika huifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi, hata mguso mdogo ukawa kama kisu. Ndiyo sababu maumivu, joto, wekundu na uvimbe huja pamoja.

Wazee wetu hawatashangaa tukisema kwamba uvimbe huo si adui moja kwa moja. Mkulima wa ukingo wa Tana ajua ya kuwa maji yakipanda kwa kiasi huacha udongo mzuri wa mpunga, ila yakizidi huchukua nyumba na mazao. Ndivyo ilivyo shavuni. Damu na maji yaliyokusanyika huleta askari wa mwili na vitu vya kujengea nyama mpya. Yakizidi, taya hukaza, kinywa hakifunguki, mgonjwa hali wala hanywi wala hasafishi kinywa chake, na uchafu hupata mahali pa kukaa. Kazi ya dawa ni kuyaweka maji hayo katika kiasi chake.

Binadamu walizitumia dawa za namna hii muda mrefu kabla ya kujua zinavyofanya kazi. Aspirini ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani mwaka 1899, na kwa miaka zaidi ya sabini watu waliimeza bila ya kujua siri yake. Mwaka 1971 mtaalamu Mwingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kwa kukifunga kimeng'enya kizitengenezacho. Kwa uvumbuzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Ibuprofeni, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Brufen, ilivumbuliwa katika kampuni ya Boots mjini Nottingham, kwa kazi ya Stewart Adams na wenzake, ikaanza kutolewa kwa wagonjwa wa Uingereza mwaka 1969. Adams mwenyewe alisimulia kwamba aliijaribu kwa kichwa chake kilichokuwa kikimwuma kabla ya kusimama kutoa hotuba, nasi tunaosimama mbele yenu leo twamwelewa.

Ni dawa ipi basi imfaayo aliyetolewa gego? Hapa hatusemi kwa kubahatisha, maana maumivu ya gego la mwisho ndiyo ambayo wataalamu wa nchi nyingi wameyatumia kuzipima dawa za kutuliza maumivu. Wanaotolewa magego hayo wengi wao ni vijana wenye afya, na maumivu yao huanza kwa saa ijulikanayo, pale ganzi inapokwisha. Kwa hiyo ni rahisi kuilinganisha dawa hii na ile. Mwaka 2013 jumuiya ya wataalamu iitwayo Cochrane ilikusanya majaribio 7 yaliyohusu watu 2,241 waliotolewa magego ya taya la chini. Ilionekana kwamba ibuprofeni ya miligramu 400 ilituliza maumivu vizuri zaidi kuliko parasetamoli ya miligramu 1,000. Sababu yake ni kwamba parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol, hupunguza hisia ya maumivu na homa, lakini nguvu yake juu ya uvimbe ni ndogo sana. Zikitumiwa zote mbili pamoja kwa kipimo chake, husaidiana, kwa maana kila moja hupita njia yake. Huko Marekani, ambako vidonge vikali vya jamii ya afyuni vilitolewa kwa wingi hata kwa maumivu ya meno na kuwatia watu wengi katika utumwa wa dawa, chama cha madaktari wa meno kilitoa mwongozo mwaka 2024 kwamba dawa za kupunguza uvimbe, peke yake au pamoja na parasetamoli, zitangulizwe. Basi kijana wa Golbanti aliyepewa ibuprofeni na parasetamoli asidhani kwamba amepewa dawa ya maskini. Ndizo apewazo tajiri wa Ulaya.

Sasa twaja kwenye kipimo, nasi twaomba wale wanaoshika kalamu waandike. Haya ni kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, asiye na maradhi tutakayoyataja baadaye. Na kama daktari ameandika kipimo kingine, lifuatwe neno la daktari. Ibuprofeni ni miligramu 400 kila baada ya saa nane. Katika maduka vidonge vingine ni vya miligramu 200 na vingine ni vya 400. Kwa hiyo yasomwe maandishi ya pakiti, isihesabiwe idadi ya vidonge tu. Jumla ya siku isipite miligramu 1,200 bila ya amri ya daktari. Parasetamoli ni miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya 500, na kwa siku moja isipite miligramu 4,000 kwa hali yoyote, maana ikizidi huliua ini.

Utaratibu mwepesi wa kukumbuka ni huu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, mgonjwa ameze ibuprofeni ya 400 na parasetamoli ya 1,000 pamoja, akiwa amekula kitu, japo uji au bilauri ya maziwa, na anywe maji ya kutosha. Afanye hivyo kwa siku mbili au tatu za kwanza, hata kama saa ile hasikii maumivu makali. Kisha apunguze kadiri anavyopata nafuu. Aghalabu siku tano zatosha. Mtu anayehitaji dawa kila siku baada ya wiki moja hahitaji pakiti nyingine, ahitaji daktari amtazame.

Mwauliza: kwa nini ameze ilhali haumwi? Kwa sababu dawa hii huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Haiziondoi zilizokwisha kujaa. Anayengoja mpaka maumivu yapande kileleni huwa amechelewa, na vidonge vile vile ambavyo vingemfaa mapema humsaidia kidogo. Hili lina maana kubwa kwetu kwa sababu ya safari. Ganzi ya taya la chini hukaa kiasi cha saa tatu hadi tano. Mgonjwa akitoka kwa daktari Malindi, akangoja gari lijae, ganzi yaweza kumwishia kabla hajafika Garsen, akawa katika joto na mitikisiko ya njia na hana hata maji ya kumezea. Basi amwulize daktari kabla ya kuondoka: "Nimeze lini kidonge cha kwanza?" Mara nyingi ataambiwa ameze kabla ganzi haijakwisha. Achukue maji na kitu chepesi kilichopoa, na anywe polepole asije akajiuma ulimi au mdomo uliokufa ganzi.

Wazee wetu, tumezisifu dawa hizi. Sasa hatuna budi kueleza madhara yake, na hapa ndipo tunapowaomba usikivu kuliko mahali pote. Prostaglandini zile zile zilizo adui shavuni ni rafiki mahali pengine. Tumboni hulinda ngozi ya ndani isiunguzwe na asidi. Katika figo husaidia damu ipite, hasa mwili unapopungukiwa na maji. Dawa haichagui, ikizizuia shavuni huzizuia tumboni na katika figo pia. Kutokana na jambo hilo moja mtaweza kukumbuka orodha yote ya watu wasioruhusiwa kujimezea ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zake.

Wa kwanza ni mwenye vidonda vya tumbo, au aliyepata kutapika damu au kwenda choo cheusi kama lami. Wa pili ni mwenye ugonjwa wa figo. Katika bonde hili kichocho kimewasumbua watu tangu zamani, na kichocho cha mkojo kisipotibiwa chaweza kuziba njia za mkojo na kuharibu figo bila ya mtu kujua. Kwa hiyo mwenye kukojoa damu aseme kabla ya kupewa dawa. Wa tatu ni mwenye ugonjwa wa moyo, na mzee atumiaye dawa za shinikizo la damu, hasa akiwa anameza pia kidonge cha kuongeza mkojo. Dawa hizo zikikutana na ibuprofeni huweza kuzilemea figo. Wa nne ni mwenye pumu ambaye aspirini au dawa kama hizi zimewahi kumkaba kifua. Wa tano ni mama mja mzito, na hasa tangu wiki ya 20 ya mimba, kwa ajili ya figo na moyo wa mtoto aliye tumboni. Mama anyonyeshaye aweza kutumia ibuprofeni kwa kipimo. Wa sita ni atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda. Wa saba ni yule anayehara au kutapika na maji yamemwishia mwilini. Hao wote parasetamoli yaweza kuwafaa, lakini shauri ni la daktari, naye hawezi kushauri asiloambiwa. Mficha maradhi kifo humfichua. Mgonjwa asione haya kusema, wala jamaa yake asimnyamazishe.

Twaongeza neno moja kwa ajili ya homa. Pwani yetu hupata milipuko ya dengi. Mombasa iliupata tena mwaka 2021. Dengi hupunguza chembe za kugandisha damu, na dawa za jamii ya ibuprofeni na aspirini huzidisha hatari ya kutoka damu. Mtu akishikwa na homa kali pamoja na maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho, hata kama ametoka kung'olewa jino, aache ibuprofeni, atumie parasetamoli, akapimwe.

Yako pia mazoea manne ambayo twaona yafaa yakome. La kwanza ni kuchanganya ndugu wawili wa nyumba moja. Kijana hupewa ibuprofeni hospitalini. Jirani humpa diklofenaki. Na dukani hununua vidonge vya kichwa ambavyo vingine vimetiwa aspirini ndani. Kwa fikira yake ametumia dawa tatu. Kwa hesabu ya tumbo na figo zake ametumia dawa moja mara tatu. Madhara yameongezeka wala nafuu haikuongezeka. La pili ni aspirini yenyewe. Aspirini huzizuia chembe za kugandisha damu kwa muda wote wa uhai wake, yaani siku 7 hadi 10, na kidonda kipya chahitaji damu igande. Lakini mzee aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Amwambie daktari kabla ya kupasuliwa.

La tatu ni kuamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge. Mgonjwa awezaye kumeza hahitaji kuchomwa diklofenaki dukani. Dawa ikiingia kwa njia yoyote hufika katika damu ile ile, na sindano isiyo safi huleta jipu na maradhi mengine. Daktari aweza kumchoma mgonjwa deksamethasoni wakati wa kumpasua, ili uvimbe usipande sana, na hilo ni jambo jema. Ila dawa hiyo isinunuliwe mtaani, maana hupandisha sukari na kuudhoofisha ulinzi wa mwili. La nne ni vidonge vya rangi mbili. Hivyo huua vijidudu. Havitulizi maumivu wala uvimbe wa kawaida wa jeraha. Daktari akiviandika, vimalizwe vyote kama alivyoamuru. Asipoviandika, visikopwe kwa jirani, kwa maana vijidudu huvizoea na siku ya haja havitafaa kitu.

Dawa peke yake haitoshi. Nyumba nayo ina kazi yake. Siku ya kwanza mgonjwa aume kitambaa safi alichowekewa kwa nusu saa hivi, asikitoe kila mara kutazama. Akandwe shavu kwa nje kwa barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 hadi 20, kisha apumzishwe, kisha arudiwe. Pasipo barafu, kitambaa kilichochovywa katika maji ya mtungi chafaa. Alale kichwa kikiwa juu kwa mito miwili. Siku hiyo asisukutue wala asiteme mate kwa nguvu, wala asivute kinywaji kwa mrija, kwa sababu tone la damu lililoganda ndani ya shimo ndilo kifuniko cha mfupa. Likitoka, mfupa hubaki wazi. Tangu siku ya pili asukutue polepole kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kutiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri, hasa baada ya kula. Maji ya mto yasiyochemshwa yasitumiwe. Meno mengine yaendelee kusafishwa, kwa brashi au kwa mswaki wetu wa mti, ila kidonda kisiguswe.

Chakula kiwe laini na kisichochoma: uji uliopoa, wali uliopikwa ukalainika, ndizi za kupondwa, samaki asiye na miiba, maziwa. Sigara na ugoro viachwe kabisa kwa wiki nzima. Vivyo hivyo miraa na muguka, ambavyo hulitaabisha taya na kujaza majani katika kidonda. Mnazi na pombe nyingine visikutane na dawa hizi, maana tumbo na ini vitalipa deni hilo. Tangu siku ya tatu mgonjwa ajizoeze kufungua kinywa kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, taya lisigande.

Ni muhimu kuijua kalenda ya uvimbe ili watu wasitishike bure wala wasilale hatarini. Maumivu huwa makali zaidi siku ya kwanza. Uvimbe, kinyume chake, huongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu, kisha huanza kushuka, na kufikia siku ya saba mwingi umekwisha. Basi mama asiyaone mashavu yaliyojaa asubuhi ya pili akadhani dawa imeshindwa. Lakini uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, homa, usaha, au kinywa kinachozidi kufunga, hizo ni dalili za kurudi hospitalini. Maumivu yaliyokuwa yakipungua, kisha yakapanda ghafula siku ya tatu hadi ya tano yakifuata sikio, pamoja na harufu mbaya, aghalabu ni shimo lililopoteza tone lake la damu. Daktari hulisafisha na kulitia dawa, na vidonge tu havitoshi. Damu isiyokoma hata baada ya kuuma kitambaa nusu saa, irudishwe kwa daktari. Na uvimbe ukishuka chini ya taya na chini ya ulimi, mgonjwa akashindwa kumeza mate yake au kupumua vizuri, hiyo si kazi ya kungoja kupambazuke. Apelekwe usiku ule ule, kwa gari, kwa pikipiki au kwa mtumbwi. Tena kumbukeni kwamba ibuprofeni na parasetamoli hushusha homa. Mgonjwa aweza kuonekana baridi mkononi ilhali ubaya unaendelea ndani. Tazameni uvimbe, wala msiuamini mkono ulio kwenye paji la uso peke yake.

Twajua kwamba baadhi yetu tulilelewa kusifu uvumilivu, na mtu aliyemeza kidonge kwa ajili ya jino alichekwa. Uvumilivu ni sifa njema, wala hatuji hapa kuubomoa. Lakini tuutumie mahali pake. Mgonjwa anayekaza meno kwa maumivu hali, halali, hasafishi kinywa, na kidonda chake huchelewa kupona. Kumeza dawa kwa saa yake, kuacha sigara siku saba, kula chakula laini wakati wengine wanakula nyama, na kusema mbele ya daktari maradhi yote uliyo nayo: huo pia ni uvumilivu, na una matunda yake.

Bwana Mwenyekiti, kabla ya kuketi twaleta mapendekezo matatu mbele ya mkutano. Kwanza, mwanachama anayekwenda kupasuliwa taya asiende peke yake. Chama kikitoa nauli kifikirie na ya msindikizaji mmoja, maana aliyekufa ganzi hasikii maagizo vizuri. Pili, msindikizaji huyo aende na karatasi na aulize maneno manne: dawa hii yaitwa nani, ni miligramu ngapi, imezwe saa ngapi na kwa siku ngapi, na dalili gani iturudishe. Tatu, wakati wa mvua, kila kijiji kiwe na mtu mmoja ajuaye ni nani ametoka hospitalini na ni mtumbwi wa nani utakaomvusha akizidiwa. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji watu waliokubaliana kabla ya maji kupanda.